Mtoto wa Jicho

Kiwandani walimwita Theluthi, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na minne alikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha magodoro, na kwa miaka hiyo yote kila mfanyakazi aliyeingia ofisini kwake na fomu ya mkopo alitoka na jibu lile lile: "Theluthi kwanza, ndugu yangu." Sheria ilitaka mfanyakazi, hata akope namna gani, hata akatwe na nani, asikose kwenda nyumbani na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Aliyetaka kukopa mpaka ashuke chini ya mstari huo hakupata saini. Wapo waliomnunia mwezi mzima. Wapo waliomsema vibaya mchana kweupe, kisha mwaka wa pili wakarudi kumshukuru. Yeye alijiona mlinzi wao, na kusema kweli kazi hiyo aliionea fahari kuliko mshahara wenyewe.

Ndipo ikaja bajeti mpya. Kodi ya mishahara ikapandishwa, na juu yake ikabandikwa tozo yenye jina la kupendeza, Tozo ya Ustawi. Ustawi wa nani, tangazo halikusema. Wenye nacho wana mawakili wa kuwafichia, na wasio nacho hawana cha kukatwa. Hawa wa katikati, wenye hati ya mshahara, nyumba ya mkopo na watoto waliovalishwa soksi nyeupe, wao hukatwa kabla pesa haijawafikia, halafu huambiwa wana bahati ya kuwa na kazi.

Mashine ya mishahara haikuwa na huruma wala chuki. Serikali ilikula kwanza, benki ikafuata. Kama baada ya hapo mtu ameanguka chini ya theluthi, mashine ilianza kumvua vitu vya hiari kimoja baada ya kingine, kuanzia mwisho wa orodha, mpaka avuke mstari tena. Mwisho wa orodha ilikaa bima ya wazazi. Mke na watoto wasiozidi wanne waliingia katika bima ya kampuni bila nyongeza, lakini mzazi alikuwa hiari, mzazi alilipiwa. Mpangilio huo aliuweka Theluthi mwenyewe mwaka mashine ilipoletwa. Bima ya wazazi aliiweka mwisho kwa sababu tu siku hiyo fomu yake ndiyo ilikuwa chini kabisa ya rundo. Hakufikiria zaidi ya hapo. Ilikuwa karibu saa ya chakula na alikuwa na njaa.

Tarehe ishirini na tatu akaendesha hesabu za kwanza za kodi mpya. Majina ya walioanguka chini ya theluthi yakaanza kugeuka mekundu kwenye kioo cha mashine, moja, matatu, kumi, mpaka yakafika arobaini na moja. Arobaini na mmoja kati ya watu mia moja na sita! Theluthi akashusha macho taratibu, akilitafuta jina lake kama mtu anayetafuta matokeo ya mtihani anaojua ameanguka. Hesabu yake alikuwa ameshaipiga nyumbani, kwa penseli, nyuma ya kalenda. Mwezi uliopita alikwenda nyumbani na thelathini na nne kwa mia. Mwezi huu angeshuka hadi thelathini na moja, na mashine ingemtupa nje baba yake.

Na baba yake alikuwa na miadi ya upasuaji wa jicho tarehe tisa ya mwezi unaofuata.

Mzee alikuwa fundi saa, na alikuwa na jicho moja. La kulia aliliacha kazini ujanani, siku springi ya saa ya ukutani ilipochomoka ikamrukia usoni. Kwa jicho la kushoto peke yake alitengeneza saa miaka hamsini, na kwa hilo hilo alimsomesha mwanawe mpaka akawa mtu wa ofisini. Sasa jicho hilo lilikuwa limeota utando. Daktari aliwaambia wazi kwamba huyu mtoto wa jicho amekomaa, akiachwa miezi miwili mitatu zaidi atapandisha presha ndani ya jicho, na jicho likishaharibika kwa presha hakuna wa kulirudisha. Gharama yake bila bima aliitaja vilevile wazi, na Theluthi alijua kwamba hata wasipokula wala kuvaa wasingeifikia kwa wakati.

Jina lake halikuwa jekundu.

Akapangusa miwani. Akarudia. Lilikuwa jeusi, lenye afya, thelathini na tatu nukta sita, limevuka mstari kwa unywele. Akafungua ukurasa wake. Bima ya wazazi: hakuna. Akaivuta karatasi yenye orodha ya wategemezi wake, iliyoletwa na watu wa bima mwezi huo. Mke mmoja. Watoto watatu.

Watatu? Yeye alikuwa na wawili.

Mtoto wa kwanza, mvulana, miaka kumi na minne. Mtoto wa pili, msichana, miaka saba. Mtoto wa tatu, mwanamume, miaka sabini na tatu.

Ilimchukua muda kuelewa. Mwezi uliopita aliwapigia simu watu wa bima kuomba kibali cha upasuaji. Msichana aliyepokea alikuwa na haraka na laini ilikuwa inakwaruza. "Ni kuhusu nani?" akauliza. Theluthi akataja jina la baba yake. "Mtoto wa...?" msichana akauliza, hakusikia vizuri. "Mtoto wa jicho," Theluthi akajibu kwa sauti, akidhani ameulizwa ugonjwa. "Mtoto, sawa," msichana akasema, na vidole vyake vikasikika vikigonga kibodi. Basi. Mzee wa watu akawa mtoto, na mtoto halipiwi.

Theluthi akacheka. Akacheka mpaka machozi, peke yake, kiganja mdomoni ili wa chumba cha pili wasimsikie. Kisha kicheko kikamkatika ghafla, kwa sababu chini ya orodha palikuwa na mstari wa saini yake na maneno ambayo alikuwa ameyasaini kila mwezi kwa miaka kumi na minne: Nathibitisha kwamba taarifa hizi ni za kweli.

Alikuwa bado ameshika kalamu mlango ulipogongwa. Akaingia mwanamke wa mapokezi, ambaye wote walimwita Mama Mapokezi, mtu wa simu na wageni. Kwa kawaida alikuwa mcheshi hata kwa wadai. Siku hiyo aliingia na karatasi ya mshahara mkononi, ambayo mashine ilikuwa imetoka kuichapa, hakukaa.

"Kaka yangu, nisomee hapa. Mimi macho yangu labda yamechoka. Mama yangu ameenda wapi?"

Theluthi akaifunika orodha kwa kiwiko. "Ameondolewa, dada. Tozo mpya imekushusha chini ya theluthi. Mashine imemtoa."

"Mashine." Akalirudia neno hilo polepole. "Mama ana sukari na presha, kaka. Dawa zake za mwezi mmoja ni nusu ya kodi ya nyumba ninayopanga. Mashine inajua hilo?"

"Haijui."

"Lakini wewe unajua." Akavuta kiti, akakaa. Akashusha sauti. "Sikiliza. Mimi nina mtoto mmoja. Nafasi za watoto ni nne. Tatu ziko wazi, zinakaa bure. Mtie mama kwenye nafasi moja. Nani atakwenda kuangalia?"

Theluthi akahisi orodha ikichoma chini ya kiwiko chake. "Dada yangu, mama yako ana miaka sitini na minane. Nimwandike mtoto?"

"Kwani yeye si mtoto wa mtu?"

Alisema kwa utani, kidogo, akijaribu bahati yake, na Theluthi angeweza kucheka naye. Angeweza kumwonyesha orodha, wakae wao wawili wakitafuta njia. Badala yake akajisikia akitoa sauti yake ya miaka yote, ile ya mlinzi: "Haiwezekani. Nikikufanyia wewe, kesho watapanga foleni arobaini. Theluthi ni theluthi."

Mama Mapokezi akamtazama kidogo. Kisha akainuka, akakunja karatasi yake mara mbili, akaitia kifuani. "Sawa, kaka. Nilijaribu tu," akasema, na akarudisha kiti mahali pake kabla ya kutoka. Theluthi akamsikia kule mbele akipokea simu kwa sauti yake ile ya kazi, tamu kama kawaida. Akaondoa kiwiko juu ya orodha, akasaini.

*

Nyumbani alifika jioni, na nyumba ile nayo ilikuwa ya benki kwa miaka kumi na tisa iliyobaki. Gari walikuwa wameliuza mwezi wa bajeti. Sebuleni Mzee alikuwa kwenye kiti chake chini ya saa ya ukutani, koti amelivaa ndani ya nyumba kama alivyozoea, na mfukoni mwa koti ile lenzi yake nyeusi ya fundi saa, ambayo hakuitumia tena lakini hakukubali iwekwe kabatini. Mjukuu wake wa miaka saba alikuwa amesimama juu ya stuli akisoma mishale. Mzee alimwita mama, kama watu wanavyowaita mabinti wadogo wanapowapenda.

"Saa sita kamili, babu!"

"Saa sita, mama? Saa sita jua lingekuwa juu ya bati. Mimi naona weupe wa dirisha umeanza kuondoka." Weupe wa dirisha ndio uliobaki kwake. "Nilikwambiaje? Mshale ukishakuonyesha namba usiishike hiyo. Vuka ng'ambo ya pili ndipo usome."

Mtoto akavusha kidole kutoka chini ya uso wa saa mpaka juu. "Kumi na mbili. Saa kumi na mbili jioni!"

"Haya. Sasa umekuwa mtu."

Mzee mwenyewe hakuwahi kumuuliza mtu saa. Alijivunia hilo. Alisema fundi saa anayeuliza saa ni kama mpishi anayekwenda kwa jirani kuonja chumvi. Alikuwa anaihisi kwa mwanga, kwa joto la ukuta, kwa kelele za barabarani, na alikosea kwa dakika chache tu, jambo lililomfurahisha mjukuu wake kila siku upya.

Jikoni Theluthi akamweleza mkewe yote, kwa sauti ya chini, huku mwenzake akisahihisha madaftari juu ya friji kwa kukosa meza ya ziada. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Hati yake ya mshahara ilikuwa imefika siku hiyo hiyo, na kalamu yake nyekundu ilikuwa imepita pia juu ya hiyo.

"Na Mama Mapokezi ukamkatalia," mkewe akasema Theluthi alipomaliza.

"Nikamkatalia."

"Wakati karatasi iko mbele yako."

"Chini ya kiwiko."

Mkewe akaweka alama kwenye daftari la mtoto wa watu, akafungua lingine. "Umeshasaini?"

"Nimesaini."

Theluthi akadhani mkewe atasema lile alilolitegemea, kwamba arudi kesho akasahihishe. Alikuwa tayari kuambiwa. Pengine alikuwa akiombea aambiwe. Mkewe akasema, "Mpaka tarehe tisa ni siku kumi na saba. Baada ya hapo utawaambia wamekosea." Kisha akaongeza, "Mzee usimwambie. Yeye hawezi uongo, atatuumbua." Walikubaliana hivyo, wakaona wamefanya jambo la busara.

Siku kumi na saba hizo zilikuwa ndefu. Kila simu ya mezani ilipolia, Theluthi aliruka. Kule mapokezi alipita akiangalia viatu vyake, na Mama Mapokezi akamsalimu kila asubuhi vilevile, "Umeamkaje, kaka?" Siku moja alimwona akihesabu vidonge ndani ya pakiti ya mamake na kukata kila kimoja nusu kwa wembe. Akapita haraka.

*

Tarehe tisa Mzee aliamka kabla ya wote. Alinyoa, akavaa koti, akahakikisha lenzi iko mfukoni. Njiani akamwuliza mwanawe kama daktari atakubali kuitazama, maana angependa kujua jicho jipya litaanza kuitumia baada ya wiki ngapi. Alikuwa ameshamwahidi mjukuu wake kwamba saa ya kwanza atakayoifungua ni ile ya ukutani, aoneshwe matumbo yake.

Hospitalini walipewa namba, na namba ikawapeleka ghorofa ya pili, mrengo wa kushoto. Huko kuta zilikuwa zimechorwa twiga na samaki wenye kofia, na viti vilikuwa vifupi mno. Mzee, ambaye hakuyaona vizuri yaliyokuwa ukutani, alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu akasema hospitali za siku hizi zinabana matumizi hata kwenye miguu ya viti. Theluthi alipowaona watoto wenye vibandiko machoni wakigombea mpira, jasho likaanza kumtoka. Alikuwa amefikiria saini, alikuwa amefikiria kadi na kibali. Kwamba mtoto hupelekwa kwa watoto, hilo hakulifikiria.

"Mtoto namba kumi na saba!" Muuguzi alitoka na gauni dogo la upasuaji lenye maua, limekunjwa mkononi. "Mama wa mtoto namba kumi na saba!"

Theluthi akasimama. "Ni sisi."

Muuguzi akawatazama, akainama kuangalia nyuma ya viti. "Haya, mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Ni huyu," akasema Theluthi, kwa sauti isiyosikika.

"Babu, mjukuu umemwacha wapi?"

"Mjukuu yuko shule, mama," akajibu Mzee kwa adabu. "Mgonjwa ni mimi."

"Hapa imeandikwa mtoto."

"Ndiyo. Mtoto wa jicho."

Muuguzi akatulia, akalitazama gauni lenye maua, akamtazama Mzee na magoti yake, kisha akapasuka kicheko. Mzee naye akacheka. Akina mama walioketi pale wakaangua kicheko, na kwa dakika moja mrengo ule wote ulikuwa na furaha, na Theluthi akacheka nao akidhani labda itapita hivyo hivyo. "Watu wa bima hawa!" muuguzi akasema akifuta macho. "Usijali, babu. Shuka naye dawati la bima, kaka, wairekebishe tu. Dakika mbili, nawashikia nafasi kwa daktari wa wakubwa." Alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Kijana wa dawati la bima naye alikuwa mpole. Alimkalisha Mzee, akamwuliza amezaliwa lini, na Mzee akamtajia mwaka, mwezi, tarehe, na kwa kuwa alikuwa fundi saa, akataja na saa. Kijana akatabasamu. "Ni kosa la kuandika, nadhani. Nahitaji tu mwajiri athibitishe." Akapiga namba ya kiwanda, akaweka simu kwenye spika ili mikono yake ibaki kwenye kibodi.

"Kiwanda cha magodoro, habari ya asubuhi," ikasema sauti tamu ya Mama Mapokezi.

"Nzuri, mama. Naomba karani wa mishahara."

"Leo hayupo. Amempeleka baba yake hospitali, macho."

"Anhaa. Basi labda utanisaidia wewe. Ni kuhusu mtegemezi wake mmoja. Kwetu ameandikwa mtoto, na orodha imethibitishwa na kampuni mwezi uliopita. Ana miaka sabini na tatu. Hiyo ni sahihi?"

Simu ikanyamaza. Theluthi aliyasikia magodoro yakishushwa kule kiwandani, na mlango wa kioo ukifunguka na kufungwa. Alijua kwamba katika kimya hicho Mama Mapokezi alikuwa anakiona kiwiko chake juu ya karatasi. Alingoja apigwe. Alistahili, na alikuwa tayari.

"Ndiyo," akasema Mama Mapokezi. "Ni mtoto."

Kijana akaacha kuandika. "Samahani, mama. Mtoto wa miaka sabini na tatu?"

"Nimesema ni mtoto. Kwani..." Sauti ya kazi ikamwishia katikati. "Kwani yeye si mtoto wa mtu?"

Kijana akakata simu kwa utaratibu. Sasa hakuwa akitabasamu. Alichapa karatasi moja, akaisukuma juu ya dawati. "Saini hii ni ya nani, kaka?"

"Yangu."

"Na karani wa mishahara ni nani?"

"Ni mimi."

Mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti ya mwanawe, jicho lake jeupe likitafuta. Hakuna aliyemwambia kitu, na hakuhitaji kuambiwa.

Walitoka mpaka kwenye ngazi za nje. Mzee akamshika mwanawe mkono kwa ajili ya ngazi, kama kawaida, wakashuka moja moja.

"Uliniandika mtoto?"

"Sikuandika mimi, baba. Walikosea. Mimi niliacha tu."

"Ukatia saini."

"Nikatia saini."

Wakafika chini. Magari yalikuwa mengi, ikabidi wangoje. "Ungeniambia," Mzee akasema. "Ungeniambia tu, mwanangu, ningenyamaza."

Theluthi alilia pale barabarani, mtu mzima mwenye tai, na Mzee akamshika mkono mpaka magari yakapungua.

*

Yaliyofuata yalikwenda kwa barua. Kampuni ya bima iliifungia familia nzima kwa mwaka mmoja, wakiwemo watoto wa kweli. Kiwanda kikamwachisha kazi Theluthi kwa kuthibitisha taarifa za uongo, na Mama Mapokezi kwa kusema uongo kwa niaba ya kampuni. Kwenye kikao meneja alikiri kwamba anaelewa, kwamba yeye mwenyewe amekatwa na amemtoa mamake kwenye bima. Alisema hivyo kama mtu anayetoa pole, kisha akagonga mhuri.

Siku ya kuchukua vitu vyao walikutana mlangoni. Mama Mapokezi alikuwa na kikombe chake na kalenda ndani ya mfuko wa plastiki.

"Dada yangu," akasema Theluthi. "Kwa nini ulisema vile?"

Akafikiri. "Nilidhani itasaidia." Akahamisha mfuko mkono wa pili. "Mzee anaendeleaje?"

"Anangoja. Na mama?"

"Dawa ziliisha Jumatano." Akatazama nyuma, kwenye meza yake ambako msichana mwingine alikuwa tayari amekaa akijifunza simu. "Haya, kaka. Tuonane."

Hawakuonana tena. Theluthi aliomba kazi kila mahali penye mashine ya mishahara, na kila mahali waliuliza aliachaje ile ya kwanza. Mvulana alirudishwa kutoka shule ya bweni. Mkewe akachukua kazi ya kufundisha masomo ya ziada ya Jumamosi na Jumapili, nayo yakakatwa tozo. Waliuza friji, na madaftari yakahamia dirishani. Pesa ya jicho walianza kuiweka kwenye bahasha, na mara mbili benki iliwaandikia kuhusu nyumba, na mara mbili bahasha ikawa tupu. Mwezi wa tatu Mzee aliumwa kichwa siku nne mfululizo, akatapika, akashika jicho lake akisema springi imechomoka tena. Kliniki ya bure ikampa vidonge. Siku ya tano maumivu yakaisha yenyewe, na wote wakashukuru.

Alasiri moja baada ya hapo Theluthi alikuwa sebuleni akiandika barua nyingine ya kuomba kazi. Jua la msimu wa baridi, jeupe lisilo na joto, lilikuwa limeingia kwa wingi dirishani, limemwangukia Mzee usoni na kifuani, juu ya koti lake. Mjukuu alikuwa amerudi kutoka shule, anacheza sakafuni. Kiganja cha Mzee kilikuwa kikipapasa ukuta uliopoa.

"Mama," akaita. "Hebu nitazamie. Saa ngapi?"

Kalamu ya Theluthi ikasimama.

Mtoto akapanda kwenye stuli. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nne, mrefu juu kabisa. Alikuwa na haraka ya kurudi kwenye mchezo wake na akasahau kuvuka ng'ambo. "Saa nne kamili, babu."

Theluthi akangoja Mzee acheke. Akangoja aseme saa nne gani hiyo na jua liko wapi. Mzee akageuza uso kuelekea dirishani, jua likamjaa jichoni, na hakupepesa.

"Saa nne," akasema. "Ya asubuhi, mama, au ya usiku?"

Mtoto akacheka sana, akidhani babu yake anamtania, akashuka kwenye stuli akaenda zake kucheza.